Hadi diski inalia tik tik, na picha ya "Kisumu 1895" tutaijuaje?

Swali: Habari ya leo mwalimu. Mimi husimamia maktaba ndogo ya jamii huku upande wa Ahero. Tuko na katoni tatu za minitsi za chama cha ushirika cha wakulima, kaseti kama arobaini za wazee wakihojiwa, na picha kama elfu mbili ambazo vijana waliskani wakaziweka zote kwa hadi diski moja. Wiki jana hiyo hadi diski ilianza kulia tik tik. Nikikopi kwa flashi nitajuaje kila kitu kimefika sawa? Tukishaskani minitsi tunaweza kutupa makaratasi, maana nafasi hatuna? Alafu kuna mzee ametuletea picha ya gari moshi, aliambiwa ni Kisumu mwaka wa 1895, na kamati inataka tuitundike ukutani kabla ya sherehe. Nitahakikisha vipi?

Jibu:

Dadangu, kabla hujasoma mstari mwingine, chomoa hiyo hadi diski kama bado iko kwa laptopu. Usijaribu "mara moja tu tuone kama itafunguka", nakuomba. Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani zinazunguka kama mara 5,400 kwa dakika na kichwa kidogo kinachosoma kikielea juu yake bila kugusa, na ule mlio mara nyingi ni kile kichwa kinatafuta mahali pake, kinakosa, kinarudi, kinajaribu tena. Kila ukiiwasha unaipa nafasi ya kukwaruza sahani na hapo ndo picha huenda kabisa. Usiipige pige, usiiweke kwa friza vile watu hushauriana, unyevu utaingia, na usikubali fundi yeyote aifungue kwa meza ya kando ya barabara, vumbi moja tu likikaa pale ndani ni kubwa kuliko nafasi iliyoko kati ya kichwa na sahani.

Sasa kaa na hao vijana waliskani na mwandike kwa karatasi: ni picha gani karatasi zake halisi zilirudishwa kwa wenyewe na hamwezi kuzipata tena? Hizo ndo za kwanza. Watu wengi wakiona diski inakufa huanza kukopi folda ya juu kabisa kwa sababu iko juu, wanamaliza nguvu ya mwisho ya diski wakiokoa vitu ambavyo asili yake iko kwa kabati mita mbili kutoka pale walipokaa. Kama laptopu inaisoma hadi diski lakini polepole, tafuta mtu anayejua Linux, mfumo wa kompyuta kama vile Windows, akutumie programu inaitwa ddrescue, hiyo hukopi kwanza sehemu rahisi, inaandika imefika wapi, alafu ndo inarudia sehemu ngumu. Kama diski haionekani kabisa ama mlio hauishi, usihangaike nayo tena, iende kwa watu wanaofanya kazi ya kuokoa data peke yake, na kama pesa hakuna saa hii basi ifunge vizuri uiweke kwa droo ikae. Diski iliyozimwa inaweza kungoja mwaka, ile unayowasha kila siku haitangoja.

Tuje kwa lile swali lako kubwa, nitajuaje kimefika sawa. Nimefurahi umeuliza kwa sababu ni wachache sana huuliza, na mimi nililijua kwa uchungu. Kuna ofisi moja nilifanya kazi hapa Nakuru miaka ya nyuma, tulihamisha picha za zamani kutoka kompyuta moja kwenda diski mpya, tukaona idadi ya mafaili ni ile ile, saizi ni ile ile, tukafuta za kwanza tukashukuru Mungu. Miaka miwili baadaye mama mmoja akaja kuuliza picha ya harusi ya wazazi wake. Nikaifungua mbele yake. Juu paji la uso la bibi harusi liko, shela iko, macho yako, alafu kutoka puani kushuka chini picha yote ni kijivu, kama mtu amepaka rangi ya ukuta. Faili ilikuwa na saizi kamili. Kulikuwa na zingine kama hiyo na hatukuwa na kopi nyingine popote. Yule mama aliangalia skrini kwa muda mrefu bila kusema kitu, na hadi leo nikifundisha hii kazi naanzia hapo.

Kwa hivyo saizi na idadi hazitoshi. Kitu kinachotosha ni cheksamu, ichukulie kama alama ya kidole ya faili. Programu inasoma faili yote kutoka mwanzo hadi mwisho alafu inakupa mstari mmoja wa herufi na tarakimu, ile aina ya SHA-256 inatoa alama 64. Faili ikibadilika hata kidogo, hata nukta moja kwa picha nzima, ule mstari unakuwa mwingine kabisa, haufanani hata kidogo na wa kwanza. Huhitaji kununua kitu. Kwa Windows fungua ile dirisha nyeusi ya komandi, ingia kwa folda, uandike certutil -hashfile picha001.tif SHA256, utaona ule mstari. Kwa Linux ni sha256sum picha001.tif, na hiyo ni nzuri zaidi kwa sababu inaweza kufanya folda yote kwa pamoja, ikaweka orodha kwa faili moja ya maandishi, na siku nyingine ukiiandikia sha256sum -c pamoja na jina la ile orodha, inapitia kila faili na kukwambia hii sawa, hii sawa, hii imekataa. Kuna ile ya zamani pia inaitwa MD5, utakutana nayo, tangu 2004 inajulikana mtu mjanja anaweza kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye alama moja, kwa hivyo kama unaanza leo anza na SHA-256 tu.

Jambo la kuangalia kwa macho: ukiona kwa orodha yako mstari unaanza na e3b0c44298fc1c14, hiyo faili ni tupu. Haina kitu ndani hata kidogo. Hiyo ndo alama ya faili ambayo saizi yake ni sufuri, ni ile ile duniani kote, na nimeshaikuta mara nyingi kwa makusanyo ya watu waliodhani wako salama.

Lakini hapa uwe mwangalifu. Kwa diski iliyo mzima tunachukua cheksamu kwanza pale pale ilipo, ndo tunakopi, ndo tunalinganisha. Yako ni mgonjwa, na kuchukua cheksamu maana yake ni kusoma diski yote, ukifanya hivyo alafu ukopi utakuwa umeisomesha mara mbili na pengine ile ya pili haitafika. Kopi kwanza. Kisha kaeni watu wawili ama watatu mfungue picha moja moja kwa macho, elfu mbili zinaonekana nyingi lakini kwa Jumamosi mbili mtamaliza, zile zimekatika ama zina kijivu mziandike kando, alafu sasa ndo uchukue cheksamu ya zile nzuri. Maana cheksamu haijui picha ni nzuri ama mbaya, inajua tu kama imebadilika tangu siku ulipoichukua. Ukiichukulia faili iliyoharibika, itailinda vile vile imeharibika kwa uaminifu wote.

Ukitaka kila kitu kikae pamoja kuna mtindo unaitwa BagIt, ulitengenezwa na Library of Congress ya Marekani pamoja na maktaba ya kidijitali ya California na ukaandikwa rasmi mwaka wa 2018 kwa waraka wa kanuni za intaneti unaoitwa RFC 8493. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Ni folda tu, ndani yake kuna folda nyingine inaitwa data ambamo picha zako ziko, na kando kuna faili ndogo za maandishi, moja ni ile orodha ya cheksamu. Mtu akiipokea miaka ishirini kutoka leo bila hata kukujua anaweza kuhakikisha hakuna kilichopotea njiani.

Flashi sasa. Flashi ni ya kubebea, usiifanye kabati. Inashika data kwa chaji ndogo sana ya umeme na ikikaa miaka kwa droo bila kuguswa ile chaji inavuja, tena zile za bei ya chini za pale stejini zingine zinadanganya kwamba ni GB 64 na ndani hazifiki. Piga hesabu kwanza ujue unahitaji nini. Picha ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi kwa rangi na ukaihifadhi kama TIFF, aina ya faili ya picha, bila kubana ni karibu MB 26, mara elfu mbili ni kama GB 52. Kaseti ya saa moja ukiirekodi vizuri kama WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, 48 kHz na biti 24 stereo, ni kama GB 1, kwa hivyo arobaini ni GB 40 hivi. Zote hazifiki GB 100. Hadi diski mbili mpya za kawaida zinatosha na kubaki, tena nunua kampuni mbili tofauti na maduka mawili, zikitoka boksi moja zinaweza kuwa na kasoro moja. Ile nafasi ya bure ya Google ni GB 15 tu kwa hivyo huko weka zile za maana zaidi kwanza.

Kuna kanuni ambayo mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, aliieneza na sisi wote tumeishika: kopi tatu, aina mbili za mahali pa kuhifadhi, na moja ikae mbali. Hiyo "mbali" huko kwenu ina maana yake kamili. Mto Nyando ukifurika unajua vile Ahero huwa. Kuweka kopi ya pili kwa nyumba ya katibu ambaye anakaa mita mia tatu kutoka maktaba ni kuweka kopi zote mbili kwa maji yale yale. Na usikimbilie Dunga ama pale karibu na ufuo, mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango cha juu zaidi kuwahi kurekodiwa hadi wakati huo na watu walihama. Tafuta mtu wa kamati mwenye ndugu Nakuru ama Eldoret, mahali palipoinuka, mpe diski moja imefungwa vizuri, na kila miezi sita irudi, mfanye lile zoezi la cheksamu, muibadilishe na mpya. Weka tarehe kwa kalenda ya kamati kabisa, kama vile mnaweka mkutano wa mwaka. Na ujue folda inayojilinganisha yenyewe na intaneti siyo bakapu kamili, kijana akifuta kwa laptopu inafutika na kule juu.

Makaratasi usitupe. Hapa sina maneno mengi, usitupe. Minitsi zimekaa miaka na miaka kwa katoni bila stima wala programu na bado unazisoma, na siku moja mtu atauliza kama sahihi ya mwenyekiti ni yake kweli, hapo utahitaji wino wenyewe na karatasi yenyewe, skani haitajibu hilo swali. Kama nafasi hakuna kabisa, idara ya nyaraka za kitaifa iko na vituo Kisumu, Kakamega na Nakuru, nendeni mkaongee nao kwanza. Kwa sasa toa pini na klipu zenye kutu taratibu, toa katoni sakafuni uzipandishe kwa mbao ama matofali na usiziegemeze ukutani, mchwa hupanda na ukuta, na uangalie nyuma yake kila wiki, ile njia ya udongo unaiona mapema. Karatasi ikilowa usiianike juani, itajikunja na wino utapauka, ianike kivulini mahali pana hewa na feni kama iko, na ufanye haraka kwa sababu ukungu huanza kushika ndani ya siku mbili tu.

Kaseti. Pale juu kwa mgongo wa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki, vivunje vyote leo, hapo hakuna mtu atabonyeza rekodi kwa makosa akafuta sauti ya mzee. Usizichezee kwa ile redio ya zamani inayokula tepu, azima deki nzuri, safisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, na urekodi mara moja tu vizuri kuliko mara tatu vibaya. Alafu kuna kazi ambayo haingoji kabisa: tafuta mtu anayejua zile sauti. Kaseti imeandikwa tu "Mzee 3" na ndani kuna mtu anaongea Kijaluo kuhusu njaa na kuhusu mpunga, wale wanaoweza kusikia wakasema huyu ni fulani baba ya fulani wanazidi kupungua kila mwaka. Kaa nao na daftari. Andika nani anaongea, nani anauliza, wapi, lini, lugha gani, na nani amekwambia hayo. Metadata ni hayo tu, jina ni la kizungu lakini kazi ni ya mtu anayeuliza vizuri. Na kama ndani kuna mambo ya kesi za shamba ama ugonjwa wa mtu ambaye bado yuko hai usiiweke wazi kwa intaneti, sheria ya kulinda data ya 2019 inakugusa na wewe pia, na hata bila sheria hao ni majirani zako.

Picha za vijana nazo, waambie wasitumiane kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na zile taarifa za ndani za tarehe na kamera zinatolewa. Watume kama dokumenti. Na majina kama IMG_2034 mbadilishe sasa kabla ya cheksamu, na orodha ya majina ya zamani na mapya iwekwe kando.

Tumefika kwa gari moshi. Hapa cheksamu haisaidii, maana picha inaweza kuwa mzima kabisa kutoka siku ya kwanza na maneno yaliyoandikwa chini yake yakawa si kweli. Anza na tarehe. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 na ikafika ziwani Desemba 1901, na mahali pale kituo kiliitwa Port Florence. Kwa hivyo mwaka wa 1895 hakukuwa na gari moshi Kisumu, hata Mombasa hiyo reli haikuwa imeanza. Kama ni Kisumu basi ni kutoka mwisho wa 1901 kuja huku, na kama ubao wa kituo unasema Kisumu, ongeza miaka mingine. Hilo tumelimaliza kabla hata ya kugusa picha.

Sasa iguse. Geuza nyuma, usiangalie mbele tu. Kuna muhuri wa studio? Kuna penseli? Ni karatasi nzito ya picha ama ni karatasi ya printa, ukiiinamisha kwa dirisha na kuangalia kwa kioo cha kukuza unaona vinukta vinukta vya wino? Kama ni vinukta basi hiyo ni nakala iliyochapishwa kwa wino, pengine juzi tu, na asili yake iko mahali pengine. Piga picha yake uitafute kwa Google Lens, mara nyingi utapata ile ile iko kwa mkusanyiko fulani na maelezo yake kamili, pengine ni Voi, pengine ni India. Kama ina rangi, uliza ilitiwa rangi lini na nani, programu za siku hizi zinabuni rangi zenyewe, hazijui shati lilikuwa la kijani ama la bluu, kwa hivyo tafuta ile nyeusi na nyeupe na hiyo ndo muihifadhi. Na siku hizi kuna picha zilizotengenezwa na kompyuta kabisa, angalia maandishi ya ubao kama yanasomeka, hesabu magurudumu na vidole, lakini usitegemee hayo peke yake kwa sababu zinazidi kuwa nzuri. Swali lenye nguvu ni lile la mlolongo: mzee aliipata kwa nani, huyo naye kwa nani, nani wa kwanza alisema 1895?

Njia hiyo hiyo tumia kwa minitsi na barua. Karatasi ikisema "Kenya Colony" na tarehe ni 1912, kuna kitu hapo, hilo jina lilikuja 1920, kabla yake ilikuwa East Africa Protectorate, na Kisumu yenyewe hadi 1902 ilikuwa upande wa Uganda. Bei ikiwa kwa shilingi na mwaka ni 1915, simama uulize, pesa ya huku wakati huo ilikuwa rupia, shilingi ilikuja 1921. Inaweza kuwa mtu alinakili baadaye kwa nia njema. Iandike hivyo hivyo, usiitupe.

Na mzee usimwaibishe mbele ya kamati. Ametoa kitu alichokithamini miaka mingi na alisema vile alivyoambiwa. Kaa naye kando, mweleze ile ya reli, muulize tena taratibu, huenda akakumbuka kwamba ni baba yake alifanya kazi reli na picha ilitoka kwake, na hiyo habari ina thamani kuliko ule mwaka.

Kama kamati bado inataka kuitundika, itundikeni nakala, ile yenyewe ibaki kwa bahasha gizani. Chini yake andika: Gari moshi. Mahali na mwaka havijathibitishwa, kama ni Kisumu basi ni baada ya Desemba 1901. Imeletwa na familia ya hapa Ahero, na tarehe mliyoipokea. Alafu funga daftari na kalamu kwa kamba pale kando, siku ya sherehe kutakuwa na wazee wengi, mmoja wao anaweza kuwa anaijua hiyo stesheni.